David Livingstone: Tabibu aliyekataa kutibiwa bawasiri

KATIKA siku za kwanza za Mei 1873, wanaume wachache walikusanyika ndani ya ua lisilo na paa karibu na kijiji cha Chitambo, kusini mashariki mwa Ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mbele yao kulikuwa na maiti ya mzee wa miaka 60 aliyekonda mno. Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari mmoja kisiwani Unguja, alishika kisu. Walikuwa wameazimia kuutoa moyo na matumbo, kuukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha kuubeba hadi Pwani. Upande wa kushoto, Farijala na wenzake walikuta bonge la damu iliyoganda, kubwa kama mkono wa mtu mzima.

Mzee huyo alikuwa David Livingstone. Ulimwengu unamkumbuka kama mmishonari na mvumbuzi aliyechora ramani za mito na maziwa ya Afrika, na aliyeyaandika maovu ya biashara ya utumwa hadi Waingereza wakashindwa kuyafumbia macho. Wachache wanafahamu kwamba miaka tisa kabla ya kifo chake alipewa nafasi ya kutibiwa ugonjwa uliokuwa ukimmaliza damu, akaikataa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bawasiri.

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, huko Blantyre karibu na Glasgow, Scotland, katika jamaa maskini iliyoishi ndani ya chumba kimoja. Akiwa na umri wa miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba, akawa anafanya kazi kuanzia alfajiri hadi usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Alikiegemeza kitabu kwenye mtambo na kusoma sentensi moja moja kila alipoupita, na jioni akahudhuria masomo huku wenzake wakienda kulala.

Mnamo 1836 alianza kusomea udaktari mjini Glasgow, na Novemba 1840 akapata kibali cha kutibu watu. Mwezi uliofuata alipanda meli kuelekea Afrika Kusini akiwa mmishonari. Elimu aliyoibeba ilikuwa ya enzi ngumu. Nusukaputi ilikuwa haijaanza kutumiwa katika upasuaji, wala madaktari hawakujua kwamba viini visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyoozesha vidonda. Aliyepasuliwa alishikwa kwa nguvu akiwa macho, na aliyenusurika kisu alisubiri kuona iwapo kidonda kingemuua.

Livingstone hakuwa mtu wa kulalamikia maumivu. Mnamo 1844 alishambuliwa na simba huko Mabotsa, akavunjwa mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa haukuunga sawasawa, na tangu siku hiyo hakuweza kuuinua mkono huo vyema. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti ya mmishonari mwenzake, na baada ya muda akaanza safari zilizomtenga na mkewe na wanawe kwa miaka mingi.

Kati ya 1853 na 1856 alivuka bara kutoka Linyanti hadi Luanda kwenye Bahari ya Atlantiki, kisha akageuka na kufika Quelimane kwenye Bahari ya Hindi. Katika safari hiyo, Novemba 1855, aliyaona maporomoko ambayo wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, naye akayapa jina la Malkia Victoria. Safari hiyo ilimletea sifa kubwa, lakini iliuharibu mwili wake. Aliugua malaria mara kadha wa kadha, na tumbo la kuhara damu likawa halimwachi. Dhidi ya homa alitunga vidonge vyake mwenyewe, akichanganya kwinini na dawa kali za kuendesha tumbo. Kwinini ilimsaidia, kuendesha tumbo kulikuwa imani ya matabibu wa siku hizo.

Msafara wake wa pili, katika Mto Zambezi kuanzia 1858 hadi 1864, ulikuwa wa misiba. Mto haukupitika kwa meli kama alivyotarajia, wenzake waligombana, na Aprili 1862 Mary akafariki kwa homa huko Shupanga. Serikali ya Uingereza iliwaita nyumbani. Livingstone alipowasili Uingereza katikati ya 1864, alikuwa na umri wa miaka 51, mjane, na mgonjwa wa bawasiri iliyokuwa ikitoa damu.

Bawasiri si kitu kigeni kinachoingia mwilini. Kila mtu ana vijimto laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, ambavyo husaidia kuifunga njia hiyo. Vijimto hivi vinapovimba, kutoa damu au kuteremka nje, ndipo hali hiyo huitwa ugonjwa. Choo kigumu na kujikamua ni miongoni mwa sababu zake. Kuhara kwa muda mrefu, ujauzito na umri ni nyinginezo.

Leo madaktari huigawa bawasiri ya ndani katika daraja nne. Daraja la kwanza hutoa damu tu bila kushuka. La pili hushuka mtu anapojisaidia, kisha hurudi lenyewe. La tatu hurudishwa kwa kidole, na la nne halirudi kabisa. Daraja mbili za kwanza ndizo zinazohesabiwa kuwa nyepesi.

Wakati wa Livingstone, mgonjwa hakuwa na njia nyingi za kuchagua. Kulikuwa na marhamu, kulikuwa na dawa za tumbo, halafu kulikuwa na kisu. Mjini London, Frederick Salmon alikuwa ameanzisha mwaka wa 1835 zahanati ambayo baadaye ilikuja kuwa Hospitali ya St Mark's, na huko alikata na kufunga bawasiri kwa uzi. Kufikia 1864 mgonjwa aliweza kulazwa usingizi kwa klorofomu. Lakini hatari ya kidonda kuoza ilikuwa palepale.

Livingstone alishauriwa afanyiwe upasuaji. Alikataa. Hakutaka maradhi yake ya siri yafike magazetini, na kwa mtu maarufu kama yeye hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Kila alikokwenda alialikwa kuhutubu na kila alilofanya lilichapishwa. Msafiri aliyesimulia simba na mamba mbele ya umati hakuwa tayari umati huohuo ujue kwamba anavuja damu anapokwenda msalani. Wahenga walionya kwamba mficha uchi hazai. Livingstone, ambaye kwa taaluma yake aliwahi kuwasihi wengine wamweleze maradhi yao, alishindwa na usemi huo.

Bahati yake ilikuwa na kejeli. Agosti 1865, mwezi uleule alioondoka Uingereza kwa mara ya mwisho, daktari Joseph Lister alianza huko Glasgow kutumia asidi ya kaboliki kuvilinda vidonda dhidi ya viini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1867, na upasuaji haukuwa tena kama ulivyokuwa. Wakati huo Livingstone alikuwa tayari yuko kando ya maziwa ya Afrika ya Kati.

Alifika Unguja Januari 1866, na baada ya miezi michache akaingia bara kupitia Mikindani na Mto Ruvuma, akitafuta chanzo cha Mto Nile. Januari 1867 alipata pigo ambalo hakulisahau: mmoja wa wapagazi alitoroka na sanduku la dawa. Livingstone aliona kana kwamba amehukumiwa kifo. Hata hivyo aliendelea. Alifika Ziwa Tanganyika na Mweru mwaka huohuo, akaona Bangweulu mwaka wa 1868, na Machi 1869 akaingia Ujiji akiwa hoi, akategemea ukarimu wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ambao biashara yao ya watumwa aliilaani.

Mwaka huo wa 1869, daktari John Morgan wa Dublin nchini Ireland alieleza mbinu mpya ya kutibu bawasiri. Hakukata. Alidunga sindano ya dawa yenye madini ya chuma ndani ya uvimbe ili mishipa ikauke na kunywea. Mbinu hiyo ya sindano ilizaliwa wakati ambapo daktari aliyeihitaji alikuwa hana hata kwinini.

Mwaka wa 1871 Livingstone alishuhudia mauaji ya halaiki sokoni Nyangwe, kando ya Mto Lualaba, ambako wafanyabiashara wa watumwa waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Aliporudi Ujiji amevunjika moyo, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta huko na kumpa chakula na dawa. Stanley alimsihi warudi pamoja Uingereza akatibiwe na kupumzika. Livingstone alikataa tena. Waliagana karibu na Tabora Machi 1872.

Wapagazi wapya walipofika, msafara wa mwisho uliondoka Agosti 1872 kuelekea Bangweulu. Damu ilianza kumtoka tena. Aliandika katika shajara yake kwamba alikuwa akipoteza damu nyingi, ila aliichukulia kuwa kama tundu la kupunguzia mvuke, kwa sababu ilipomtoka hakupata homa. Ilikuwa imani ya kale kwamba kutokwa damu husafisha mwili. Damu ile haikumpunguzia chochote isipokuwa nguvu.

Masika ya 1873 yaliwakuta katika vinamasi, maji yakiwafika kiunoni na kifuani. Kufikia Aprili 10 aliandika kwamba tangu mwisho wa Machi damu ilikuwa ikimtoka kwa wingi, naye amekuwa mweupe na dhaifu. Baada ya siku chache hakuweza hata kukaa juu ya punda. Watu wake walimtengenezea kitanda cha miti, wakambeba mabegani. Aprili 27 aliandika kwa mara ya mwisho. Siku mbili baadaye waliingia Chitambo, wakamjengea kibanda. Kabla ya mapambazuko ya Mei 1, kijana Majwara, aliyekuwa akimlinda, alimwita Susi. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso umelala katika viganja, mwili umekwisha kupoa.

Haifai kudai kwamba bawasiri pekee ilimuua. Malaria, kuhara damu, njaa na maji ya vinamasi yote yalimsaga. Lakini mwili unaopoteza damu mwezi baada ya mwezi hauna akiba ya kupambana na homa, na huo ndio mwili ambao Livingstone aliupeleka Bangweulu.

Yaliyofuata yanawahusu zaidi Waafrika waliomtumikia. Abdullah Susi na James Chuma waliwaongoza wenzao kuuzika moyo chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya watumwa waliokombolewa huko Nasik, India, alisoma ibada na kuchonga maandishi kwenye mti. Mwili ulianikwa juani kwa majuma mawili, ukafungwa kwa kitambaa na gome la mti, kisha ukabebwa kwa miguu takriban kilomita 1,600 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mmoja wa wabebaji hao, Matthew Wellington, aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka wa 1935.

Mjini London, mabingwa waliufungua mzigo na kuutazama mkono wa kushoto. Mfupa uliovunjwa na simba miaka 30 awali uliwathibitishia kwamba ni yeye. Alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey Aprili 18, 1874.

Lau Livingstone angeingia kliniki leo akiwa na bawasiri ambayo haijakomaa, asingepelekwa moja kwa moja katika chumba cha upasuaji. Angeanza kwa chakula. Uchunguzi uliojumuisha majaribio kadhaa umeonyesha kwamba kuongeza vyakula au unga wenye nyuzinyuzi hupunguza hatari ya kuendelea kutokwa damu kwa takriban nusu. Maharagwe, mboga za majani, matunda, nafaka isiyokobolewa na maji ya kutosha hulainisha choo. Jambo la pili ni kuacha kujikamua na kuacha kukaa msalani muda mrefu.

Hayo yasipotosha, kuna njia tatu ambazo hazihitaji kulazwa hospitalini wala kisu. Zote hufanywa kupitia kifaa kifupi mfano wa bomba, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Ya kwanza ni ile sindano iliyoanzia kwa Morgan. Siku hizi aghalabu hutumiwa fenoli iliyochanganywa na mafuta ya lozi, au dawa iliyogeuzwa kuwa povu. Fenoli ni jina jingine la ile asidi ya kaboliki aliyoitumia Lister. Dawa hudungwa kwenye mzizi wa uvimbe na kuifanya mishipa isinyae. Sindano haina gharama kubwa, huchukua dakika chache, na huwafaa hata baadhi ya wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Udhaifu wake ni kwamba bawasiri hurudi mara nyingi zaidi, na ikidungwa pasipofaa inaweza kujeruhi viungo vya jirani kama vile tezi ya kibofu kwa wanaume.

Ya pili ni kufunga kwa mpira. Mbinu hii ilienea baada ya daktari James Barron wa Marekani kuboresha kifaa chake mwaka wa 1963, lakini wazo lake linatokana na uzi wa zamani. Pete ndogo ya mpira huvishwa kwenye shingo ya uvimbe, damu ikakatika, na kinyama kikakauka na kudondoka chenyewe baada ya takriban juma moja. Pete huwekwa ndani, mahali pasipo na neva za maumivu makali. Ikiwekwa chini mno, mgonjwa huumia sana na hulazimika kuondolewa.

Ya tatu ni miale ya infraredi, iliyoanza kutumiwa miaka ya 1970. Mwanga wenye joto humulikwa kwenye mzizi wa uvimbe kwa sekunde moja au mbili, mara tatu au nne, na kovu dogo linalotokea huizuia damu. Maumivu yake ni madogo kuliko ya mpira, ila hufaa zaidi bawasiri ndogo inayotoa damu, na mara nyingi mgonjwa huhitaji kurudia.

Ipi bora? Mwaka wa 1995 wataalamu wa Canada walikusanya majaribio 18 yaliyolinganisha matibabu haya. Waligundua kwamba waliofungwa kwa mpira walihitaji matibabu zaidi mara chache kuliko waliodungwa sindano au kumulikwa miale, lakini waliumia zaidi baada ya shughuli. Ndiyo maana madaktari wengi huanza na mpira kwa daraja la pili, huku sindano na miale zikibaki kwa bawasiri ndogo au kwa wagonjwa ambao mpira ungewahatarisha.

Teknolojia ghali zaidi si lazima iwe jibu. Katika utafiti uliofanywa kwenye hospitali 17 za Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2016, mpira ulilinganishwa na upasuaji mdogo wa kushona mishipa inayopeleka damu kwenye bawasiri. Baada ya mwaka mmoja, bawasiri ilikuwa imerudi kwa asilimia 49 ya waliofungwa mpira mara moja na asilimia 30 ya walioshonwa. Lakini mpira uliporuhusiwa kurudiwa, pengo hilo lilipungua sana, nao walioshonwa walikuwa na maumivu zaidi mwanzoni na gharama yao ilikuwa kubwa zaidi.

Hakuna njia kati ya hizi isiyo na tahadhari. Damu kidogo inaweza kutoka kinyama kinapodondoka. Mgonjwa akipata homa, maumivu yanayozidi au akashindwa kwenda haja ndogo baada ya kufungwa mpira, yampasa arudi hospitalini mara moja, kwa kuwa hizo ni dalili za maambukizi yanayoweza kuua ingawa hutokea kwa nadra. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye kinga dhaifu, amweleze daktari mapema.

Muhimu kuliko yote ni uchunguzi wenyewe. Si kila damu inayoonekana chooni ni ya bawasiri. Saratani ya utumbo mpana huanza kwa dalili hiyohiyo, na mtu anayejipa jibu mwenyewe anaweza kuchelewa. Livingstone alikuwa daktari mwenye kibali, na bado aliisoma damu yake vibaya.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, shajara zake zilichapishwa London kwa msaada wa Susi na Chuma, waliokwenda kumfafanulia mhariri siku za mwisho za bwana wao. Kila mtu akasoma habari za damu ile. Maradhi ambayo Livingstone hakutaka yajulikane yakaishia kuchapishwa, wakati ambapo hakuna tabibu aliyeweza tena kumfaa.